Dawa ya kuoshea injini: ijaribu kwa foili kabla hujailipia

Malalamiko ya wasomaji kuhusu dawa za kuoshea injini yanafanana mno. Mtu ananunua dumu la lita 5, anapulizia, povu linapanda, oili inachuruzika, kila kitu kinapendeza. Siku mbili baadaye tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, imekuwa ya kijivu kama majivu, na ukiipitishia kidole kinatoka na masizi. Boliti zilizokuwa ziking'aa zimeanza kutu. Muuzaji akiulizwa, anajibu kwamba injini ilikuwa chakavu tangu mwanzo.

Haikuwa chakavu. Imeliwa na kostiki.

Kwa hiyo hapa sitapanga dawa kwa harufu, wingi wa povu wala kasi ya kuyeyusha. Karibu kila dawa inayeyusha oili. Ninachotaka kujua ni kitu gani kingine inayeyusha.

Kostiki, hiyo hiyo ya wapika sabuni, ni rahisi na ina nguvu, ndiyo maana inajazwa kwenye dawa za bei ya chini. Inageuza mafuta ya kupikia kuwa sabuni, basi mahali pake ni jikoni na kwenye mabomba ya hoteli. Oili ya injini ni mafuta ya aina nyingine kabisa, haigeuki sabuni. Alumini nayo ina ngozi nyembamba inayoilinda. Kostiki huiyeyusha ngozi hiyo, kisha hula alumini yenyewe huku ikitoa viputo vya haidrojeni.

Na magari yetu yamejaa alumini. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST na Probox za cc 1500, ina bloku ya alumini na silinda hedi ya alumini. 5A-FE ya Corolla 110 ina bloku ya chuma cha kusubu, lakini hedi yake ni alumini. Kuna pia gamba la alteneta na kompresa ya AC. Panaponiuma zaidi ni rejeta na kondensa ya AC, kwa sababu mapezi yake ni membamba kama karatasi na dawa hurukia humo bila mtu kuona. Tapeti kava ikipoteza rangi ni aibu tu; mapezi yakiliwa, gari linaanza kuchemka kwenye foleni.

Jaribio lake ni dogo na unaweza kulifanya mbele ya kaunta. Mimina dawa isiyochanganywa na maji, vifuniko viwili vya soda, kwenye glasi. Tumbukiza kipande cha foili ya kufungia chakula, ukubwa wa stempu. Subiri dakika 10. Ukiona viputo vinapanda kutoka kwenye foili, au foili inafifia na kutoboka, rudisha dumu. Kama lebo ipo, tafuta NaOH au KOH, ndiyo alama za kostiki, lakini usiishie hapo: watengenezaji makini huongeza silikati inayoilinda alumini, hivyo dawa kali inaweza kufaulu jaribio na dawa inayoitwa laini ikafeli. Foili haijali kilichoandikwa kwenye lebo.

Ninayoiweka ya kwanza ni Gunk Original, kopo la kupulizia la gramu 425. Naipendelea na sifichi. Kazi yake inafanywa na kiyeyushi cha jamii ya mafuta ya taa, hakina ugomvi na alumini, na ndani yake kuna kiungo kinachoifanya oili ikubali kuchanganyika na maji. Ukiinyunyizia maji inageuka nyeupe kama tui, na tui hilo ndilo linalobeba oili kuitoa nje. Hii ndiyo tofauti yake na mafuta ya taa matupu, yanayohamisha oili kutoka kwenye hedi na kuiacha utando kwenye mipira. Usichukue lile la povu ukidhani ni lile lile. Ni la uchafu mwepesi, ukoko haliuwezi. Ubaya wa Original ni mmoja: hozi za rejeta na mauntini za injini (mipira inayoishikilia injini) hazipendi viyeyushi vya mafuta, huvimba na kulainika zikilowa muda mrefu. Dakika 10 hadi 15, kisha suuza. Na inashika moto, kwa hiyo fanyia kazi nje, injini ikiwa vuguvugu tu.

Ya pili ni Simple Green ya kawaida, inayouzwa ikiwa nzito. Kwa injini, changanya nusu kwa nusu na maji. Haishiki moto na haina harufu ya kuudhi majirani, kwa hiyo anayeishi ghorofani na kuoshea gari kwenye maegesho ya pamoja aichukue hii. Kampuni yenyewe inaelekeza isikae kwenye alumini zaidi ya dakika 10. Oili ya miaka mitano iliyoshika ukoko itakulazimu kurudia mara mbili au tatu kwa brashi.

Ya tatu ni spreyi ya kusafishia breki, mfano CRC Brakleen, kwa kazi ndogo kama ukingo wa gasketi au sili unapotafuta oili inapotokea. Haihitaji maji, inakauka yenyewe. Inachubua rangi na kufifisha plastiki, na kwa injini nzima utamaliza makopo hadi ujute.

Madumu yasiyo na lebo: foili kwanza. Mafuta ya taa yenye sabuni ya maji: yanafanya kazi kidogo, yanaacha utando. Petroli: usithubutu.

Sasa niseme la moyoni kuhusu maduka. Kirinyaga Road Nairobi au Kariakoo Dar es Salaam, utakuta dawa imehamishwa kutoka pipa kubwa kwenda chupa za maji ya kunywa, bila jina wala onyo, imewekwa mahali mtoto anafikia. Kostiki inachoma ngozi na kupofusha macho. Kuiuza kwenye chupa ya maji ni hatari ambayo mteja hakuikubali. Bei nayo inapanda kulingana na gari ulilokuja nalo. Na mteja akiomba kujaribu kwa foili, anaambiwa anapoteza muda wa watu. Dakika 10 za muuzaji na rejeta ya mnunuzi havilingani. Ondoka, nenda duka linalofuata.

Ukishapata dawa, unadhifu wa kazi unategemea usichokimwaga. Wengi huharibu uwanja kwa kuanza na hosipaipu. Anza kwa kukwangua: kijiti cha mti au kipande cha plastiki ngumu, kisha matambara makavu. Ukoko mwingi utoke hivi, ungali mkavu, uingie kwenye mfuko. Kopo moja la Gunk hapo litatosha injini ya IST. Bila kukwangua, hata mawili hayatoshi.

Fungua kava ya plastiki iliyo chini ya injini. Ukiiacha, tui litakusanyika humo na kudondoka wiki nzima popote unapoegesha. Tandaza nailoni ya mita 2 kwa 2, kunja kingo zake juu ya vipande vya mbao iwe kama bwawa la kina kifupi, mwaga unga wa mbao ndani na uweke maboksi yaliyokunjuliwa juu yake.

Zima injini, ngoja hadi kiganja kiweze kutulia juu ya tapeti kava. Ikiwa ya moto, dawa inakaukia hapo hapo na kiyeyushi kinaweza kuwaka. Fungua waya hasi wa betri. Funika alteneta, boksi la fyuzi, mdomo wa hewa na koili nne kwa mifuko ya plastiki na mipira ya kufungia. Koili za 1NZ-FE zimekaa juu ya mashimo ya plagi. Maji yakizama humo injini itakohoa, na utamlipa fundi umeme kwa kosa la kuosha.

Pulizia kuanzia chini kwenda juu, ili dawa isiteremke ikapotelea kwenye sehemu ambazo hujazisugua. Sugua kwa brashi ya rangi ya inchi 1, futa, kisha suuza kwa chupa ya kupulizia. Lita 2 au 3 za maji zinatosha. Mashine ya presha iache; inasukuma maji ndani ya soketi za waya na kwenye beringi. Kausha kwa kitambaa, puliza mashimo kwa pampu ya baiskeli, acha boneti wazi saa moja kabla ya kurudisha waya wa betri.

Unga wa mbao, maboksi na matambara vifunge pamoja kwenye mfuko mzito, peleka gereji inayokusanya oili chafu. Usivichome wala kuvitupa mtaroni.

Endesha kilomita 50, fungua boneti tena. Oili mbichi ikionekana ukingoni mwa tapeti kava, nunua gasketi kabla ya kopo la pili.