Draiva za chipseti: moja nimeisasisha, nyingine nimeiacha

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Busia, upande wa Uganda. Wateja wangu wengi ni mawakala wa forodha wanaochapa hati za mizigo, na wanafunzi wanaokaa kwenye mashine kufungua barua pepe zao. Kompyuta ni mbili: Dell Optiplex ya zamani yenye prosesa ya Intel, na nyingine niliyoundiwa mwaka 2019, yenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 2600, kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenye chipseti ya B450. Chipseti ni chipu za madabodi zinazounganisha sehemu za kompyuta, na draiva zake ni faili zinazoiwezesha Windows kuzitambua na kuzitumia.

Mwezi uliopita alikuja fundi kijana kutazama printa. Akafungua Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, kwenye ile Dell, akanionyesha tarehe ya draiva za chipseti: 18 Julai 1968. "Mama, hizi zimezeeka, zitakuharibia mashine. Shilingi 30,000 tu nakusasishia zote."

Nilishtuka. Lakini mwaka 1968 hata Windows haikuwapo, basi nikamwambia angoje. Usiku nikasoma. Hiyo ni siku Intel ilipoanzishwa! Wenyewe huiandika makusudi, ili Windows ikikuta draiva nyingine inayokifaa kifaa hicho zaidi, ichukue hiyo. Tena faili hizo za Intel kazi yake kubwa ni kuiambia Windows kifaa fulani kinaitwaje. Kama kila kitu kinatambuliwa na hakuna alama ya njano ya onyo kwenye orodha ile, kuzibadilisha hakuongezi kasi hata kidogo. Pesa yangu ikabaki kwenye droo.

Ryzen ni habari nyingine, na hapa nawaomba wenye maduka kama langu wasikilize. Aliyeniundia mashine alitumia ile sidii ya kwenye boksi la madabodi, nami nilikuwa nimesimamisha masasisho ya Windows ili kuokoa bando. Kumbe mwaka 2021 ilitangazwa kasoro kwenye draiva ya AMD iitwayo PSP: mtu aliyeingia kwenye kompyuta kama mtumiaji wa kawaida aliweza kusoma vipande vya kumbukumbu ya mashine (memori) ambavyo hakupaswa kuviona. Toleo 5.17.0.0 ndilo lililoziba tundu hilo. Langu lilikuwa la nyuma ya hapo. Kwenye kiti kile kile watu huandika nywila zao siku nzima, mmoja akiinuka mwingine anakaa. Sikuhitaji sababu ya pili.

Nilichukua kifurushi kwenye tovuti ya AMD yenyewe, si kwenye zile programu zinazojinadi kuwa zinasasisha kila kitu. Unachagua chipseti yako, kwangu B450, unashusha. Kabla ya kuanza nilihifadhi hali ya Windows ili niweze kuirudisha mambo yakiharibika. Kikaja na orodha ya vipande, kila kimoja na kisanduku chake, bila hata sentensi moja ya kueleza kipande kinafanya nini. Hilo linaniudhi, kwa sababu mwenye duka ndiye anayeamua na anastahili kuelezwa. Baada ya kuwasha upya, printa na skana vilifanya kazi kama jana yake. Kasi ni ile ile. Anayetafuta kasi hataipata hapa. Kiliacha pia folda iitwayo AMD kwenye diski C, imejaa faili za usakinishaji, nikaifuta kwa mkono.

Yule kijana alitaka tusasishe na BIOS, programu iliyo ndani ya madabodi inayoiwasha kompyuta, siku hiyo hiyo. Nilikataa. Draiva ikikwama unairudisha ya zamani. BIOS umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza kufa, na siku ile mawingu yalikuwa yameshatanda.

Kifurushi cha AMD nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotelea kwenye ile orodha isiyoeleza kitu. Masasisho ya Windows nimeyarudisha kwenye Ryzen, yanashuka Jumapili jioni duka likiwa limefungwa. Dell bado inasoma 1968, na asubuhi hii imechapa hati za malori matatu.