TAHADHARI: Unga wa "vichocheo vya ukuaji" wanaouziwa wagonjwa wa kansa Mbeya

Ndugu zangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa kansa, naomba msome hii na mumfikishie anayemuuguza.

Kuna kijana anazunguka Mwanjelwa, na siku nyingine hukaa karibu na stendi wanaposhukia watu wa Tukuyu na Kyela. Anauza pakiti za unga mweupe anazoziita "vichocheo vya ukuaji". Anavaa koti jeupe, na kwenye simu ana picha za watu anaodai wamepona. Maelezo yake ni kwamba unga unaotesha seli mpya na zenye afya, halafu hizo zinaifukuza kansa. Pakiti moja ni shilingi 150,000, na hakubali uondoke na moja: dozi, anasema, ni sita.

Mama yangu mdogo, mgonjwa wa kansa ya titi, aliuziwa. Pesa ilitokana na ndama. Ila pesa si kitu kikubwa kilichoniuma. Kijana alimwambia aache vidonge vya tamoksifeni alivyopewa hospitali, "dawa zisije zikagombana".

Mimi ni mfamasia, kwa hiyo naomba nieleze kinachofanyika ndani ya mwili, maana uongo wake umeshonwa kwa maneno ya kweli.

Vichocheo vya ukuaji vipo. Ni protini ambazo mwili hutengeneza wenyewe. Kichocheo kinashika kipokezi kilichopo juu ya seli, seli inapata amri ya kugawanyika, kidonda kinafunga, mtoto anakua. Kijana anataja hata tuzo ya Nobeli, na tuzo ipo: mwaka 1986 walipewa Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini kwa kugundua vichocheo hivi. Asichosema ni kwamba kwenye kansa amri hiyo haizimiki. Kuna kansa za titi, kama moja kati ya tano, ambazo seli zake zimejaa kipokezi kiitwacho HER2 kupita kiasi, zikawa zinagawanyika bila kupumzika. Dawa ya hospitali, trastuzumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, kazi yake ni kukiziba kipokezi hicho. Angalieni vizuri: madaktari wanahangaika kuzuia amri ya kukua, huyu anauza amri ya kukua. Kumpa mgonjwa wa kansa kichocheo cha ukuaji ni kumwaga urea kwenye shamba lililojaa magugu.

Na kusambaa kwa kansa nako kunapitia huko huko. Mwaka 1971 daktari Judah Folkman wa Boston aliandika kwamba uvimbe hauwezi kuzidi milimita chache usipojipatia mishipa yake ya damu. Baadaye ilijulikana kwamba uvimbe huita mishipa hiyo kwa kutoa kichocheo kiitwacho VEGF, na tangu 2004 ipo dawa ya kukizuia, bevacizumab. Vichocheo vingine huzifanya seli za uvimbe ziachane na jirani zake, ziingie kwenye damu, zikaote kwenye mapafu, ini au mifupa. Ndiyo maana kichocheo cha IGF-1, ambacho ni dawa halali kwa watoto wenye tatizo maalumu la kutokua, ni marufuku kupewa mtu mwenye kansa.

Ukimbana, anatoa hoja moja inayowateka wengi: "Mbona hata hospitali wanawachoma sindano ya kichocheo?" Ni kweli, ipo filgrastim. Lakini hiyo huamsha uboho utengeneze chembe nyeupe za damu pale zinaposhuka kwa sababu ya kemo (dawa kali za kuua seli za kansa), ili mgonjwa asiuawe na maambukizi. Haitolewi kutibu uvimbe, na daktari huitoa akiwa na majibu ya damu mkononi. Halafu jiulizeni kwa nini ni sindano. Protini ukiimeza, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage. Insulini huchomwa kwa sababu hiyo hiyo.

Basi unga wake ni nini hasa? Pakiti niliyoishika ina stika iliyobandikwa juu ya maandishi mengine. Ukiikwangua kwa kucha unaona picha ya ng'ombe kwa chini. Haina namba ya usajili ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), haina jina la kiwanda, na tarehe ya kuisha muda imeandikwa kwa kalamu. Kama ni unga wa maziwa tu, mgonjwa amenunua maziwa kwa bei ya ndama huku akiacha tiba, na kansa haimsubiri. Hatari nyingine ni kwamba dawa za mitaani mara nyingine huchanganywa na steroidi kama deksamethasoni. Mgonjwa anapata hamu ya kula, uso unajaa, watu wanasema amenenepa, na hiyo inageuka ushuhuda wa kuuzia wengine.

Akikufuata, usilumbane naye. Muulize namba ya usajili, kisha piga picha pakiti na uipeleke ofisi ya TMDA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, iko hapa hapa Mbeya. Kama ulishalipa, tunza ujumbe wa muamala wa simu na uende nao polisi. Pakiti usiitupe, ndiyo ushahidi.

Aliyeacha vidonge au kemo arudi kliniki yake wiki hii hii, asione aibu, manesi hawatamfukuza. Na kama ameshakunywa unga huu kwa wiki kadhaa, msimkatishe ghafla nyumbani. Ukiwa na steroidi ndani, kuuacha kwa mara moja kunaweza kumwangusha presha. Mpelekeni hospitali pamoja na pakiti, daktari aione.