Fito za skii za pikipiki ya theluji: zipi ununue, na mpira gani uukague kabla hujatoa pesa

Kila theluji inapoanza kukaza njiani, malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wenye pikipiki za theluji (snowmobile: skii mbili mbele, na nyuma treki, yaani mkanda mpana unaoisukuma) ni yale yale. Mtu amenunua fito mpya, zile fimbo za chuma zenye kabaidi (vipande vigumu vya kung'ata barafu), amezifunga chini ya skii, na bado pikipiki inayumbayumba kwenye njia iliyonyooka. Amerudi kwa muuzaji, akaambiwa achukue ndefu zaidi. Amechukua. Sasa inayumba vile vile, na mabega yanamuuma.

Urefu wa kabaidi sitauhubiri hapa. Jedwali lake lipo kwenye pakiti na kila muuzaji amelikariri. Nataka tuanze na kitu ambacho pakiti haikitaji kabisa.

Mpira mweusi usioulizwa na mtu

Pale skii inapokutana na mguu wa usukani kuna bolti moja nene, na chini yake kuna kipande cha mpira kilichobanwa kati ya mguu na mgongo wa skii. Kazi ya mpira huo ni kuizuia skii isibembee ovyo kwenye bolti. Pikipiki ikiruka tuta, ncha isidondoke. Ikitua, uzito ugawanyike mbele na nyuma ya bolti.

Mpira ukichoka, ncha inainama. Ncha ikiinama, ufito unachimba theluji kwa sehemu yake ya mbele, mbele ya pale usukani unapogeukia. Hapo ndipo balaa lilipo. Kinachokamata ardhi nyuma ya mhimili wake hufuata kwa adabu. Kinachokamata mbele yake hutafuta njia yake chenyewe. Sukuma toroli la dukani kinyumenyume uone magurudumu yake madogo yanavyopagawa. Ndicho kinachozipata skii zako kwa mwendo kasi.

Ukaguzi hauhitaji fundi. Inua mbele ya pikipiki, weka stendi imara, kisha uchungulie chini ya skii. Ukikuta theluthi ya mbele ya ufito imeng'aa na kabaidi yake imeviringika kwa kusagika, huku nyuma ya bolti rangi nyeusi ya kiwandani bado ipo, basi ufito hauna kosa. Mpira ndio ulioutuma kufanya kazi peke yake mbele. Sasa shika ncha ya skii, iinue na uishushe. Inapaswa kugoma, kisha irudi mahali pake. Ikishuka bila upinzani, mpira umekwisha. Ukisikia "tak" kwenye bolti, bushi, vile vimirija vinavyoizunguka bolti, navyo vimeliwa. Itikise pia kushoto na kulia ukitazama boljointi na ncha za tairodi (viungo na vyuma vinavyopeleka usukani kwenye skii), kwa sababu ulegevu mdogo pale unakuwa mkubwa ukifika kwenye ncha ya skii.

Mpira mpya na bushi zake ni vitu vya bei ndogo, na nadhani ndiyo maana hakuna anayekutajia. Faida yake haijazi mkono. Muuzaji yupi atakupa kipande cha mpira wakati nyuma yake kuna jozi ya skii za rangi ya chungwa?

Mpira ukiwa mzima na ncha bado inaelemea, kuna ujanja wa siku nyingi: ingiza kibanzi cha plastiki ngumu au mpira mgumu kati ya mpira na skii upande wa nyuma. Nyuma ya skii inasukumwa chini kidogo, ncha inapata nafuu. Kidogo, nimesema. Ukizidisha, skii itakanyagia nyuma ya ufito tu na kona zitakushinda.

Wenye Yamaha wasilale. Kampuni ilitangaza mwaka 2023 kwamba modeli za 2025 ndizo za mwisho kwa pikipiki zake za theluji. Vipuri havitatoweka kesho, ila mipira na bushi za kuweka akiba ningezinunua sasa.

Bado hatujanunua fito. Weka usukani sawa, funga ncha mbili za skii kwa kamba ya mpira ili ulegevu usikudanganye, kisha pima umbali kati ya fito mbili, mbele na nyuma. Mashine nyingi hutaka mbele pawe papana kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6 hivi; kitabu cha mashine yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Skii zikitazamana kwa ndani, hakuna ufito wa duniani utakaozituliza.

Magonjwa mawili, dawa zinazopingana

Watu huchanganya kuyumba na kugoma kona. Kuyumba ni skii kujiendea zenyewe kwenye njia iliyonyooka. Kugoma kona ni wewe kukata usukani na pikipiki kuendelea mbele kana kwamba hukusema kitu.

Anayegomewa na kona anahitaji uzito zaidi kwenye skii. Kuna mkanda mfupi wa kitambaa unaoshikilia mbele ya sasisi ya ndani ya treki, wenye matundu. Ukiufupisha tundu moja, skii zinapata uzito. Kulegeza kidogo springi ya shokapu ya mbele ndani ya treki kunaelekea huko huko. Hiyo ni bure, spana tu. Anayeyumba akifanya hivyo hivyo anazidisha ugonjwa, kwa sababu anazikandamiza skii ndani ya mifuo ile ile inayomvuta, yaani mifereji iliyochorwa njiani na skii za wengine. Usukani nao utakuwa mzito.

Halafu kuna njumu za treki, yaani meno ya chuma yanayofungwa kwenye treki ili ishike barafu. Ukiweka njumu nyingi nyuma na kabaidi kidogo mbele, treki inashika barabara na kuisukuma pikipiki moja kwa moja kwenye kona. Ukifanya kinyume chake, skii zinang'ata na mkia unachomoka. Kwa hiyo anayekuuzia fito bila kukuuliza una njumu ngapi hajakuhudumia, amekuondoa tu kwenye foleni.

Nafasi ya kwanza: fito za safu mbili

Sasa tununue. Chaguo langu ni Dooly ya kampuni ya Woody's, na sijifichi kwamba nawapendelea Woody's.

Sababu iko njiani. Kila skii iliyopita kabla yako imechora mfuo kwa kabaidi yake, na njia ikiganda mifuo hiyo inakuwa reli. Ufito wa kawaida una safu moja nyembamba ya kabaidi, na mifuo mingi ilichorwa na fito za namna hiyo. Wako unatumbukia humo na kufuata alikokwenda mwenzako, hata kama mwenzako alikuwa anakwepa mti. Safu mbili sambamba hazitumbukii kirahisi: moja ikiingia mfuoni, nyingine bado imesimama juu ya theluji tambarare, na skii inakataa kuvutwa.

Kuna wengine wa safu mbili, Stud Boy wakiwamo na Shaper zao, na mwenye nazo sitamwambia azing'oe. Mimi nabaki na Dooly kwa anayepita njia zilizosawazishwa na asiyetaka kubadilisha skii. Inafungwa kwenye matundu yale yale, nati zile zile.

Gharama yake utaisikia pia kwenye mikono. Safu mbili zinaburura zaidi, na mkataji kona za kasi anayetaka makali ya safu moja ataona zimepoa kidogo. Na kabaidi ni kabaidi. Ya tangsteni ni ngumu sana na kwa sababu hiyo hiyo inavunjika. Kuvuka lami kavu kwa kasi au kupita juu ya mawe kunaimega. Punguza mwendo, vuka, endelea.

Nafasi ya pili: Snow Trackers za Qualipro

Hizi si ufito. Zinachukua nafasi ya ufito wote kwa visu viwili virefu vinavyokaa pande mbili za mkuku wa skii, ule ukingo unaoshuka chini yake. Kwa kuyumba peke yake, zingepata nafasi ya kwanza bila mjadala. Pikipiki inanyooka, na ukikata kona inakata.

Nimeziweka ya pili kwa mambo mawili. Usukani unakuwa mzito, hasa mwanzoni visu vikiwa vipya, na dereva mwenye mabega mabovu atajuta kabla ya chakula cha mchana. La pili ni njia yako yenyewe. Kama unavuka barabara nyingi zilizo wazi, au theluji yenu ni haba na kokoto zinachungulia, utavisaga visu vya bei kubwa kwa upuuzi. Ni vikali pia. Usiiinue skii kwa kushika chini bila glovu nene.

Na bei. Kila msimu kuna muuzaji anayetundika picha ya jozi na bei ya upande mmoja. Kwa fito za kawaida mchezo ni huo huo. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: bei hii ni ya skii moja au mbili?

Nafasi ya tatu: kubadilisha skii zenyewe

Skii mpya ni dawa kwa mwenye skii zilizopinda au zenye mkuku uliolika. Watengenezaji C&A Pro ndio ningewatazama kwanza kwa njia ngumu; mkuku wao unashika vizuri na wana umbo tofauti kwa kazi tofauti. Simmons Flexi-Ski, yenye mikuku miwili kwenye skii moja pana, inampendeza anayegawa siku yake kati ya njia na theluji ya kina. Mwenye Ski-Doo iliyokuja na Pilot TS asikimbilie dukani: skii hizo zina kitasa cha kuzungusha kwa mkono kinachobadilisha ufito unachimba kiasi gani. Wapo wanaozilaumu bila kukigusa hata siku moja.

Lakini turudi kwenye mpira wangu. Skii za kampuni nyingine hazikai kwenye mguu wa mashine yako bila seti ya kufungia: mpira wa umbo sahihi, bushi, na vijazio vya pembeni. Seti hiyo mara nyingi inauzwa kando, na ni tofauti kwa kila aina ya mashine, pengine hata kwa mwaka. Muuzaji anakutumia skii nzuri na kukuacha utumie mpira wa zamani, uliolika, uliotengenezewa mgongo wa skii nyingine. Unapanda, inayumba, unailaumu C&A. Akikwambia "utaingia tu", mwambie aandike kwenye risiti kwamba usipoingia anarudisha hela. Nimeona sauti zikibadilika ghafla.

Zilizobaki

Fito za safu moja zenye kabaidi ya pembe kali zinafaa kwa anayegomewa na kona, si kwa anayeyumba. Za chuma kitupu ni za theluji laini tu. Za bei ya kutupwa zisizo na jina huachia vipande vya kabaidi pale vilipounganishwa na chuma, basi. Vinyanyulio vya usukani havihusiani na kuyumba, hata tangazo liseme nini.

Ukishafunga ulichonunua, panda umbali mfupi, kisha rudi ukaze nati tena. Fito mpya hujikalisha kwenye plastiki ya skii na nati hulegea. Chungulia pia kabaidi imeanza kung'aa wapi. Iking'aa mbele peke yake, unajua pa kwenda.