Kabla ya leza, nunua tochi: mwongozo wa ulinzi wa usiku Lamu na Malindi

Wenye leseni za bastola huku kwetu, hasa wenye maduka na nyumba za wageni, huniuliza wafunge leza gani kwenye silaha zao. Jibu langu halibadiliki: nunua tochi kwanza. Leza, kile kifaa cha kutupa nukta ya mwanga, hukuonyesha risasi itapiga wapi. Haikuambii uliyemwelekezea ni nani, na katika mji ambao nyumba zimegusana kuta, hilo la pili ndilo zito.

Mwaka juzi, saa nane usiku na umeme umekatika, mlango wangu uligongwa kwa kishindo. Nilishuka ngazi, tochi mkono wa kushoto, rungu mkono wa kulia, nikamulika kupitia upenyo wa mlango. Mwanga ukamkuta kijana wa jirani, miguu mitupu, kanzu kaivaa ndani nje, analia. Mamake amezidiwa, anataka tumsaidie kumbeba hospitali. Nukta nyekundu kifuani mwake isingenieleza lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa tochi ndogo ya chuma inayotumia betri ya 18650, ile nene ya milimita 18 kwa urefu wa milimita 65. Usidanganywe na lumeni nyingi, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Kuta zetu zimepakwa chokaa; lumeni elfu moja ndani ya ukumbi zitakurudia machoni mwenyewe. Kati ya 200 na 300 zatosha kuutambua uso. Kitufe kiwe mkiani, na ukikibonyeza mara moja tu iwake kwa nguvu yake yote, isianze kukumulikia na kuzima kama taa za harusini. Kwa wanaopanda mashua, tafuteni alama ya IPX7, maana yake inavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Betri iliyoandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) iache hapo hapo dukani, ni uongo mtupu. Nzuri nyingi za umbo hilo huwa 2500 hadi 3500. Na chumvi ya bahari hula springi, basi kila wiki chache fungua kifuniko, pangusa kwa kitambaa kikavu.

Ya pili ni taa ya sola yenye kihisi, inayowaka mtu akipita. Malindi, kwenye nyumba zenye ua, ningeiweka karibu sawa na tochi. Lamu mjini sivyo: punda na paka wa vichochoroni wataiwasha usiku kucha, na baada ya wiki hakuna atakayeinua macho kuitazama.

Tochi ya kichwani ni ya tatu. Inafaa ukiwa na kazi ya mikono yote miwili, lakini kwa ulinzi inamwonyesha adui kichwa chako kilipo. Simu ni ya nne: mwanga wake hafifu, na ndiyo hiyo hiyo unayoihitaji kuita msaada.

Leza inakuja mwisho. Ukiwa umeshaamua, chukua ya kijani ikiwa utaitumia mchana, kwa sababu jicho huihisi rangi ya kijani kuliko nyekundu, ingawa mara nyingi hula betri haraka zaidi. Bora inayowaka unapoushika mpini. Mkono wenye hofu hautafuti kitufe. Leza hukaa chini au kando ya mtutu, hivyo mstari wake na njia ya risasi hazilingani kwa kila umbali. Lazima irekebishwe kwenye uwanja wa shabaha, kwa umbali unaoujua, na ikaguliwe tena mara kwa mara. Bastola yenyewe inatawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kwa hiyo waulize kwanza waliokupa leseni kabla ya kufunga chochote juu yake. Zile kalamu za leza wanazochezea watoto msizilete nyumbani. Zinaweza kudhuru jicho, na nahodha anayeingia bandarini usiku akimulikwa haoni njia.

Ukinunua tochi, usiijaribu kwenye mwanga wa duka. Nenda nayo uchochoroni baada ya isha, mwambie mwenzako asimame hatua ishirini, ummulike kifuani. Usipomtambua, irudishe.