Kipozeo cha maji kilishusha joto la prosesa ila PC ikaanza kuzima: huduma ya dada fundi wa Wandegeya

Wale wa Kampala mnaocheza gemu kwa PC na mnasoma Kiswahili, hii ni yenu. Wiki tatu nimekaa na mashine inayozima yenyewe, nimezunguka maduka mjini nikiambiwa nunua hiki mara nunua kile, na mtu aliyekuja kuimaliza hiyo shida ni dada mmoja mwenye kachumba ghorofa ya pili pale Wandegeya, juu ya wauza rolex (zile chapati za kuviringisha na mayai), hana hata bango, mimi nilielekezwa na jirani yangu anayesoma Makerere. Nampa nyota tano na nitaeleza kwa nini, na pia nitasema kuhusu kipozeo chenyewe manake watu wananiuliza sana kama kinafaa.

Kwanza mashine. Ni Ryzen 7 3700X, ile ya 2019 ya kori nane (vichwa nane vya kufanya kazi ndani ya prosesa moja), iko kwa mazabodi, yaani bodi kuu, ya B450 ya bei ya chini, RAM giga 16 ya 3200. Mchana nahariri video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), usiku tunacheza Warzone na ndugu zangu walioko Arua. Prosesa hii ilikuja na feni yake ndani ya boksi, Wraith Prism, ile inayopuliza hewa kwenda chini kwenye mazabodi, na hilo la kupuliza chini mlishike, tutalirudia. Kwa feni hiyo nilikuwa nimeovakloku, yaani nimepandisha kasi kupita ya kiwandani, kori zote mpaka gigahezi 4.2 kwa volti 1.3, mwaka mzima haijawahi kuzima hata siku moja, shida ilikuwa joto tu, nikirenda video ndefu, yaani kompyuta ikitengeneza video ya mwisho, inapanda mpaka 88 na kelele zake mke wangu anazisikia akiwa jikoni.

Basi nikajikusanya nikanunua kipozeo cha maji cha milimita 240, laki tatu na themanini, nikakifunga mwenyewe jumapili moja. Rejeta, ile sehemu inayopoza maji, nikaiweka mbele ya keisi na feni zake mbili. Siku ya kwanza nilifurahi kweli, kazi ileile iliyokuwa inafika 88 sasa inasimama 71. Nikasema sawa, nafasi ipo, nikapandisha 4.3 na volti nikaongeza kidogo. Baada ya dakika kama ishirini za gemu fremu zikaanguka ghafla kutoka 140 mpaka kama 20, zikarudi, zikaanguka tena, halafu skrini nyeusi, mashine imezima.

Nikafikiri ni mimi nimezidisha. Nikarudisha 4.2 na volti 1.3 zilezile zilizofanya kazi mwaka mzima. Ikazima tena. Hapo ndo nilichanganyikiwa, manake prosesa iko 71, haijawahi kuwa ya baridi hivo tangu niinunue, seting ni zile za zamani, sasa inazima kwa nini? Na siku ya jumamosi ikazima katikati ya kurenda kwanjula ya mteja aliyekuwa amenilipa na anaingoja jioni hiyohiyo, nikalazimika kumpigia simu kumwomba radhi, na hiyo simu iliniuma.

Duka moja mjini (silitaji) walinipokea vizuri, wakaifungua dakika tano wakaijaribu, ikawaka vizuri, wakasema ni pawa saplai, leta laki tano tukuwekee kubwa. Nikawauliza mmepimaje, wakasema kwa uzoefu. Duka la pili wakasema RAM. Wa tatu akasema hiki kipozeo ni feki, maji yake hayazunguki. Hakuna hata mmoja aliyeiacha ikafanya kazi nzito nusu saa akaangalia.

Sasa kwa dada. Nimefika, hajashika bisibisi kwanza, ameniuliza maswali kama daktari. Inazima ikiwa na kazi au ikiwa imetulia? Inazima dakika ya ngapi? Kabla ya kuzima inapunguza kasi au inakatika tu? Ulibadilisha nini mara ya mwisho? Nikamjibu yote, akaandika kwa daftari. Kisha akasema, "Kaka, kwanza tunairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Ukitafuta kosa juu ya ovakloku hujui unatafuta nini." Akafuta seting zote za bayosi (ile menyu ya ndani ya mazabodi), hata XMP, seting ya kuipa RAM kasi yake kamili, akazima, akaiwasha OCCT, programu ya kuitesa mashine kwa mzigo, saa nzima huku anahudumia mtu mwingine mwenye laptopu. Haikuzima. Akarudisha XMP peke yake, akajaribu RAM, safi. Kwa hiyo RAM imetoka kwenye orodha. Akachukua mita akapima volti 12 ya pawa saplai mashine ikiwa na mzigo, ikasoma 11.9, akanionyesha, akasema kiwango cha ATX kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani mpaka 11.4 bado uko salama. Ile laki tano ya duka la kwanza ingekuwa imeenda bure. Umeme wa ukutani pia alipima, 231.

Ndipo akarudisha 4.2 yangu, akaiweka kazini, akakaa nayo. Hiki ndicho wengine hawakufanya. Alinieleza kwamba kwa kipozeo cha maji jaribio la dakika tano linadanganya, maji yanachelewa kupata moto, yanapanda taratibu robo saa au zaidi, kwa hiyo usihukumu mapema, na pia maji hayawezi kushuka chini ya joto la chumba, ukiwa na 26 ndani ya nyumba hiyo 26 ndo sakafu yako. Dakika ya kumi na nane kasi ikaanguka kutoka 4.2 mpaka chini ya gigahezi moja, prosesa bado iko 70. Akatabasamu, akasema "prosesa haijalalamika, kuna mwingine analalamika kwa niaba yake." Akatoa kipimajoto cha bastola, si kile cha Korona cha kupima paji la uso maana kile ni cha joto la mwili tu, ni kile cha mafundi wa mafriji, akakielekeza kwenye vile vidude vidogo vyeusi kando ya prosesa, upande wa kushoto. 117.

Hizo ndo VRM. Alivyonieleza mimi nilielewa mara moja kwa hiyo nawapa vilevile. Pawa saplai inaleta volti 12, prosesa inataka 1.3 tu, kwa hiyo lazima mtu katikati azishushe, na huyo ni VRM. Wati karibu 105 ukigawanya kwa 1.3 unapata ampia 80, hizo zote zinapita kwenye vile vidude, na kila zinapopita kuna sehemu inapotea kama joto, ukichukua hata sehemu ya kumi tu ni wati kumi zinachoma vipande vidogo kuliko kucha. Mazabodi za bei kubwa zinavivalisha hitisinki nene (vipande vya chuma vya kunyonya joto), yangu haina kitu. Zamani Wraith Prism ilikuwa inapuliza chini, upepo wake unapita juu ya prosesa afu unamwagika kwenye VRM, yaani feni moja ilikuwa inafanya kazi mbili na mimi sikujua ile ya pili. Nilipoitoa na kuweka maji, joto la prosesa likasafirishwa mpaka mbele kwenye rejeta, na pale katikati hewa ikasimama kabisa. VRM ikizidi moto mazabodi inajilinda, inaibana prosesa, hiyo ikiwa haitoshi inazima. Ndiyo maana 4.2 ya zamani ilikuwa haikubali tena.

Nikamwambia dada sawa, lakini una uhakika? Hapa ndo alinimaliza. Alichukua feni yake ya mezani, ile ya kawaida ya nyumbani, akaielekeza kwenye mazabodi iliyo wazi, akaanza jaribio upya kwa seting zilezile zilizozima. Dakika arobaini. Haikuanguka hata mara moja, VRM ikakaa 80 na kitu. Akazima feni ya mezani, kama dakika kumi na tano kasi ikaanguka tena. Akawasha, ikarudi. Mimi sijawahi kuona fundi ananithibitishia hivo mbele ya macho yangu kabla hajaniambia bei, wengi wetu tumezoea kuambiwa "acha hapa, rudi kesho".

Matengenezo yenyewe yalikuwa madogo. Amebandika vipande vya alumini juu ya VRM kwa ile tepu inayopitisha joto, akafunga feni ya milimita 80 kwa vile vikamba vya plastiki vya kukaza ikitazama pale pale. Pampu alikuta nimeichomeka kwenye tundu la feni ya keisi, kwa hiyo ilikuwa inapunguzwa kasi mashine ikitulia, akaihamisha akaiweka mbio moja muda wote. Akashusha volti mpaka 1.275 kwa 4.2 ileile, akaijaribu usiku kucha, ikakubali. 4.3 alinikataza na akanipa sababu: kile kipande cha silikoni chenye kori ni kama milimita 74 za mraba tu, joto lote linatokea hapo, ukubwa wa rejeta hausaidii sana kama joto lenyewe linakwama kutoka, na kila volti unayoongeza inaleta joto jingi kuliko kasi unayopata. Tena akasema wazi kwamba kwa gemu sitaona tofauti ya 4.2 na 4.3, kwa kurenda ndo kidogo. Nikamuuliza kama ninunue mazabodi mpya ya B550, akasema sio lazima, hiyo pesa weka.

Bei: elfu hamsini kazi, elfu ishirini na tano feni na alumini. Elfu sabini na tano jumla, baada ya kuambiwa laki tano.

Yasiyonifurahisha yapo. Alikaa na mashine siku mbili na nusu, ukiwa na kazi ya mteja ni muda mrefu. Kachumba ni kadogo, mkiwa wateja watatu mmoja anangoja kwenye ngazi. Risiti aliandika kwa mkono na waranti ya kazi ni ya mdomo, mwezi mmoja, mimi ningependa iandikwe. Anapokea mobile money, kadi hapana.

Kuhusu kipozeo cha maji chenyewe, kinafaa, kimefanya kilichoahidiwa, ila kakijitabu kake kameeleza skrubu na rangi za taa tu, hakuna neno moja kuhusu hewa ya VRM, na nadhani hilo ni kosa kubwa kwa kitu kinachouzwa kwa watu wanaojifungia wenyewe. Watengenezaji wanalijua, Arctic Liquid Freezer II ina kafeni ka milimita 40 kwenye pampu yake kwa ajili ya VRM. Ningejua mapema ningeulizia ya aina hiyo. Kwa hiyo ukitaka kutoka kwenye feni inayopuliza chini kwenda kwenye maji, na mazabodi yako ni ya bei yetu hii, angalia kwanza kama VRM ina hitisinki, na kama haina tenga elfu ishirini ya feni ndogo siku hiyohiyo. Na ukipeleka mashine kwa fundi kodi gari, usiipande nayo boda, hizo mashimo za barabarani na rejeta yenye maji na kadi kubwa ya michoro ikining'inia si jambo la kujaribu, mimi kadi niliitoa nikaibeba mapajani.

Kabla sijaondoka dada alibandika tepu ya karatasi ndani ya mlango wa keisi, akaandika kwa kalamu tarehe, chumba 26, prosesa 69, VRM 83, akaniambia nikiona hiyo ya tatu imepanda kumi bila sababu nirudi. Jana nimerenda kwanjula ya saa tatu na nusu, nikafungua mlango nikalinganisha kwa kipimajoto nilichoazima kwa fundi friji wa mtaani. 84.