Skana ndogo ya OBD kwa Premio inayochemsha: uzoefu wangu

Haka kadude nilikanunua tauni Kampala kwa shilingi 45,000 za Uganda, kanachomekwa chini ya usukani kwenye tundu la OBD, lile la kusomea kompyuta ya gari, kanaongea na simu kwa Bluetooth na unaona namba za injini zikibadilika hapo hapo. Nilikataka kwa jambo moja tu, Toyota Premio yangu ya 2004 ilikuwa inachemsha kwenye jamu ya Busega na fundi wa gereji ya kwanza, boneti hajaigusa, keshasema "ssebo (bwana) hii ni gasketi ya hedi", yaani ile ya kuziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, laki sita, lete kesho. Gasketi gani hiyo jamani, na dalili zake hazipo? Oili haijawa kama chai ya maziwa, silensa haitoi moshi mweupe, asubuhi injini ikiwa baridi ukifungua redieta ukastati huoni mapovu yakitoka mfululizo.

Sasa ukiwa na skana ndo unajua ule mshale wa dashibodi ni wa kukuliwaza tu. Kwenye gari nyingi unakaa katikati joto la maji ya injini likiwa nyuzi 80 na unakaa pale pale likipita 100, ukianza kupanda ujue mambo yameshaharibika. Niko kwenye jamu mshale umetulia, simu inasema 98, 101, 104, na feni kimya kabisa wakati ilitakiwa iwe imeshaamka kwenye 95 hivi. Nikawasha AC, feni ya pili ikaanza vuuu, namba zikashuka 102, 99, 95. Yaani maji yanazunguka, redieta inapoza, kinachokosekana ni upepo tu gari ikiwa imesimama.

Halafu barabara ya Masaka, ukishapita Mpigi gari inapata upepo wake, joto likashuka hadi 66 likagoma hapo. Injini iliyoshika moto inatakiwa iwe juu ya 80, kwa hiyo thamostati (mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate moto) ama imekwama wazi ama haimo kabisa. Nikampelekea fundi mwingine pale karibu na soko la spea la Kisekka, kijana anayesikiliza kwanza ndo ashike spana, kufungua hivi thamostati hakuna, waliokuwa na gari kabla yangu walishaitoa. Hii tabia ya kutoa thamostati ati gari isichemshe mi inanikera sana, injini inabaki baridi, kompyuta inazidi kuinywesha petroli, na ugonjwa wenyewe uko pale pale. Rilei ya feni (swichi ya umeme inayoiwasha) nayo miguu imeungua, waya umezungushiwa tepu nyeusi. Rilei, thamostati mpya ya nyuzi 82 na kifuniko cha redieta, pamoja na kazi haikufika 150,000.

Kifuniko nilibadilisha makusudi. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huku yanachemka kwenye 96 hivi, lakini kwenye redieta yanavumilia hata kupita 115 kwa sababu kifuniko kinashikilia presha (juu yake utakuta namba ya presha hiyo, 0.9 au 1.1). Mpira ukichoka maji yanakimbilia kwenye chupa ya pembeni mpaka yanamwagika, na mtu anaanza kukuhesabia hela ya gasketi. Na usikifungue injini ikiwa ya moto, tafadhali.

Mabaya ya skana yapo. Bluetooth inakatika-katika, iPhone ya shemeji haikuiona kabisa, na ukiiacha imechomekwa gari imelala siku nyingi inakula betri. Gari za Japani za miaka ya 90 unaweza kukuta tundu lipo lakini haziongei nayo, ijaribu kwenye gari yako kabla hujatoa pesa. Usitegemee kodi pia, yaani namba za hitilafu zinazotolewa na kompyuta ya gari, yangu haikutoa kodi hata moja na taa ya injini haikuwaka, kilichosaidia ni kuangalia joto linapanda saa ngapi: gari ikisimama au ikitembea. Yangu ingekuwa inachemsha kwenye mlima na spidi ningeanza na redieta iliyoziba au wota pampu. Kubwa kuliko yote, maji yakiisha sensa inabaki hewani na namba inaweza kukudanganya uko salama huku hedi inapinda, kwa hiyo asubuhi bado nafungua boneti naangalia maji kwa macho.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano ningeitoa kama alamu ya kupiga kelele joto likipita 100 ingekuwa bure, kwenye programu niliyowekewa hiyo wanataka ulipie kwanza.