Lenzi na vioo vya kukuza: ipi ununue Nairobi na ipi umwachie muuzaji

Kabla hata uulize bei, ile namba ya X imeandikwa kwa boksi la lenzi, ya kusema inakuza mara ngapi, usiiamini sana. Ukipita River Road ama Kamukunji utaonyeshwa lenzi ya upana wa sentimita tisa imeandikwa 10X na muuzaji ataapa, "mama, na hii utaona mpaka mayai ya chawa." Haiwezekani. Lenzi ikuze mara 10 lazima fokasi yake (umbali kutoka lenzi mpaka pale inakusanya mwanga) iwe kama sentimita 2.5, na hata glasi yenyewe ukiifanya duara kamili kama gololi, upana wake hapo hauwezi kupita sentimita tatu na kitu. Pana na kali haziendi pamoja, chagua moja.

Hesabu ni hii tu: 25 gawanya kwa fokasi kwa sentimita, manake jicho zima linasoma vizuri likiwa karibu kama sentimita 25. Fokasi unaipimia hapo hapo dukani. Geukia ndani mbali na mlango, shika karatasi hata kama ni risiti, lenzi iwe kati ya karatasi na barabara, alafu sogeza pole pole mpaka uone jengo la ng'ambo limejichora kwa karatasi kichwa chini, na matatu zinapita magurudumu yakiwa juu. Ule umbali kati ya lenzi na karatasi ndio fokasi. Ikiwa sentimita 10, hiyo lenzi ni mara 2.5, hata kama boksi linasema nini. Muuzaji atakuangalia vibaya kidogo, mwache.

Sasa nimepanga nikifikiria mtu wa nyumbani, anasoma karatasi ya dawa, anatunga uzi, anapaka wanja.

1. Lenzi ya mkono, mara 2 mpaka 3. Hii ndiyo ya kwanza bila ubishi, inafanya karibu kila kitu. Ya glasi ni nzito lakini haikwaruziki haraka, ya plastiki ukiitupa kwa kibeti na funguo siku chache imeisha. Iweke juu ya karatasi ya mraba ya hesabu uangalie pembeni, mistari ikipinda sana rudisha. Na wengi wanaishika vibaya, wanainyoosha mbali na uso, lete lenzi karibu na jicho alafu ndio usogeze ile karatasi, utaona eneo kubwa zaidi. Za taa ya LED ni poa ila uliza inatumia betri gani, kama ni zile za kutafuta mji mzima achana nayo.

2. Miwani ya kusomea. Kusema kweli hii si ya kukuza. Miwani ya +2 fokasi yake ni sentimita 50, ukiweka kwa ile hesabu unapata nusu, yaani karibu hakuna kitu. Kazi yake ni kulisaidia jicho ambalo limepita miaka arobaini na halijikazi tena kuona karibu. Nimeipa namba mbili kwa sababu watu wengi wanaotafuta lenzi shida yao ndio hiyo, na miwani inakuachia mikono miwili. Pimwa macho kwanza, usijaribu tu ya jirani kwa basi ukasema inakutosha.

3. Kioo cha mekapu kilichobonyea ndani. Chukua ya 5X, ya 10X achia wenye subira. Hiki kioo hakina namba moja, kinategemea umekaa wapi. Tuseme fokasi yake ni sentimita 40: uso ukiwa kwa 20 unajiona mara mbili, ukirudi mpaka 30 ni mara nne, ukifika 40 ni ukungu mtupu, na ukisimama kama mita moja hivi unajiona kichwa chini na umekuwa mdogo. Kwa hivyo dukani Dubois Road usikiangalie tu kikiwa kwa kaunta, keti vile unaketi nyumbani ukipaka, kama uso unaanza ukungu hapo, kioo hicho si chako. Za 10X zinataka uso uwe karibu sana, unaona jicho moja tu na brashi inagonga kioo. Na usikiache dirishani jua likiingia, kinakusanya mwanga mahali pamoja na pazia linaweza kushika moto. London mwaka 2013 ukuta wa vioo wa jengo refu, uliojikunja kwa ndani, uliyeyusha vipande vya gari lililopaki barabarani, sembuse kioo chako ambacho kimetengenezwa kubonyea.

4. Lenzi ndogo ya jicho, ya mafundi wa saa. Hii ya mara 10 ni ya ukweli juu ni ndogo. Unaisogeza mpaka karibu sana na kitu, kama sentimita 2.5 hivi. Nunua kama unatengeneza simu ama unaangalia mhuri wa dhahabu, na yenye glasi tatu ndani haitoi rangi rangi pembeni. Kusomea gazeti nayo utaumwa kichwa.

5. Kadi bapa ya plastiki yenye mistari ya duara. Wazo ni la Mfaransa Fresnel, alilitengenezea taa za kuongoza meli miaka ya 1820. Inakaa kwa waleti, inasaidia kwa dharura, lakini picha yake imefifia.

Mwisho kabisa: vile vioo vya duara vya kubandika kwa saidi mira, Kirinyaga Road vimejaa. Vimebinuka nje, vinapunguza picha ndio vikuonyeshe eneo kubwa, kwa hivyo kujipodolea navyo sahau. Kwa gari ni sawa, ila ile bodaboda unaiona mbali iko karibu kuliko hivyo, angalia kioo bapa kabla ubadilishe leni.